Kofia ya Osmunda

Hapo zamani, na msitazamane, sisemi zamani za majitu yenye jicho moja, nasema zamani za juzijuzi tu, pale Mbinga palikuwa na binti mmoja akiitwa Osmunda Kapinga. Osmunda alikuwa na shahada ya chuo kikuu, shahada ya sosholojia. Shangazi yake Dafrosa, aliyemlea tangu mdogo, aliitia shahada kwenye fremu akaitundika sebuleni. Mgeni akiingia aliulizwa kwanza kama ameiona, ndipo apewe kiti.

Kando ya shahada palikuwa na picha ya mahafali. Desturi mnaijua: mhitimu huvua kofia yake akamvisha aliyemhangaikia, wakapigwa picha, ikatundikwa mpaka wajukuu waione. Lakini siku ile Dar es Salaam ilikuwa mbali, Shangazi hakufika, na Osmunda hakutaka kofia irudi bila kuvishwa mtu. Akamvisha mlinzi wa geti! Basi kila mgeni aliyeingia sebuleni kwa Dafrosa aliuliza, "Huyu mzee mwenye rungu ndiye baba?" Shangazi alitabasamu kwa meno, moyo unamuuma.

Miaka miwili ikapita, kazi hakuna. Kila asubuhi Osmunda alipita mbele ya bucha la Hyera, bahasha ya vyeti kwapani. Kila asubuhi Hyera alinoa kisu akauliza, "Msomi! Hiyo shahada inachemshwa au inakaangwa?" Wateja wakacheka mpaka wakasahau chenji.

Siku moja Shangazi akasikia kuna shule inataka mwalimu wa Kiingereza: shahada yoyote, ila iongezewe cheti cha kufundisha Kiingereza. Hakuuliza mtu. Akajaza mwenyewe fomu ya mafunzo ya cheti hicho, akabandika uso wa Osmunda alioukata kwa mkasi kutoka picha ya harusi ya watu.

"Jumatatu unaanza," akamwambia.

"Na kahawa yetu shambani je, Shangazi? Ndiyo inaiva."

"Kahawa inanijua mimi. Wewe hata kikapu kinakucheka."

Msimu mzima Dafrosa akachuma peke yake, mgongo ukapinda kama mundu.

Sasa cheti kile kilikuwa na sharti. Ufundishe watu wazima kumi na wawili kwa wiki sita, na somo la mwisho mkaguzi akae nyuma akutazame. Wasipotimia kumi na wawili, hakuna cheti. Osmunda awatoe wapi? Akajitokeza jirani, fundi cherehani Ndunguru. "Mwanangu, hao niachie mimi." Akapita nyumba kwa nyumba, utepe shingoni, akitangaza: "Asiyekosa kipindi, nguo yake ya Krismasi itakuwa tayari kabla ya Krismasi!"

Jamani! Nani aliwahi kusikia fundi akiahidi hivyo? Darasa likajaa siku hiyo hiyo, na fundi mwenyewe akaketi mbele.

Siku ya mkaguzi ikafika, na mwanafunzi mmoja akaamka na homa. Ndunguru akatoka mbio. Mtu wa kwanza kumwona? Hyera, aproni na damu yake.

"Njoo ukae tu, tutimie kumi na wawili."

"Kumtazama msomi akiaibika, tena bure? Tangulia, nakuja mbio."

Wiki zote sita Osmunda alikuwa amewasihi: msiitikie kwa pamoja, kila mtu aseme lake. Lakini Ndunguru, kwa mapenzi yake, aliwaita wenzake pembeni. "Binti yetu asiaibike mbele ya mgeni. Akiuliza lolote, tunaitikia sote, kwa nguvu, kama tulivyofunzwa shuleni."

Osmunda akafundisha. Akauliza kwa Kiingereza, "Mmeelewa?"

"Yesi, ticha!" Mabati yakatikisika.

"Yupo ambaye hajaelewa?"

"Yesi, ticha!"

"Mama Haule, wewe unaishi wapi?"

"Yesi, ticha!" wakajibu wote kumi na mmoja.

Mkaguzi akaandika. Akatikisa kichwa. Akaandika tena. Osmunda jasho linamtiririka mpaka chaki inalowa.

Hapo Hyera akasimama. "Nou, ticha! Sijaelewa hata chembe. Na hawa hawajaelewa, wanakudanganya."

Osmunda akamtazama Hyera, akatazama ile aproni. Akaweka chaki chini, akavuta meza mbele yake, akaanza kumfundisha kuuza nyama kwa Kiingereza. Haya ni maini, hizi mbavu, hii nusu kilo. Hyera akasahau kucheka, akauza! Mama Haule akadai mbavu, mwingine akalalamikia mfupa, kila mtu na lake, kila mtu kwa Kiingereza chake. Mkaguzi akaacha kalamu, akanyoosha mkono, naye akaagiza maini.

Osmunda akafaulu, na ile shule ikampa kazi. Yakaja mahafali ya cheti, maana siku hizi hata chekechea wanavaa joho. Ukumbi ni mdogo: kila mhitimu kadi moja, mgeni mmoja. Asubuhi ile barazani kwa Dafrosa wakawa wamesimama watatu.

"Fomu nilijaza mimi," akasema Shangazi, kichwa kasuka upya. "Kahawa nilichuma mimi. Yule mlinzi atoke ukutani, niingie mimi."

"Heshima zako, dada, lakini fomu haifundishwi Kiingereza," akasema Ndunguru. "Darasa nilileta mimi. Macho yameniuma kwa nguo za watu kumi na mmoja."

"Na hao uliowaleta nusura wamwangushe," akasema Hyera, kaoga, hana aproni. "Kwa mafunzo ya nani? Yako, fundi! Aliyemwokoa ni mimi."

"Wewe ulitaka kumwaibisha!" Shangazi akamrukia.

"Kweli nilitaka, simung'unyi maneno. Lakini mle ndani, wenye mapenzi walimdanganya. Ukweli alimwambia nani?"

Osmunda akaigeuzageuza ile kadi moja mkononi. Dereva wa pikapu ya kwenda mahafalini akapiga honi.

Haya, ninyi mnaocheka hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma: kofia ni moja na vichwa ni vitatu. Ungekuwa wewe Osmunda, ungemvisha nani?