Benchi la Mlangoni kwa Bi Zamaradi

"Benchi la nje haliponyi." Mmeusikia msemo huu leo kwenye kamba za kuanikia nguo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi, Mama Komba, niliyekuwa mlezi wa mabweni chuoni hapa kwa miaka ishirini na miwili. Haya, wanangu, kaeni. Haukuokotwa njiani. Ulizaliwa mbele ya macho yangu, na siku hiyo nilikosa pa kushika.

Nyuma ya zahanati kilikuwapo chumba cha ushauri nasaha, cha Bi Zamaradi. Huduma ilikuwa bure, na aliyoyasema mwanafunzi hayakuvuka mlango ule. Hata mimi, kwa udadisi wangu wote, sikuwahi kudokezewa jina. Lakini wanafunzi waliona haya kwenda, wakazua desturi ya kusindikizana. Wanakwenda wawili, mmoja anaingia, mwingine anaketi kwenye benchi mlangoni, kisha wanarudi pamoja. Wapita njia hawajui mwenye shida ni yupi.

Bingwa wa kusindikiza alikuwa Lusajo, kijana wa mwaka wa tatu kutoka Tukuyu. Mcheshi, shati limenyooka, hachoki. Nilimsifu mbele ya bweni zima, nikasema laiti wote wangekuwa imara kama yeye. Ulimi wangu huo naujutia mpaka leo.

Juni ya mwaka wake huo wa tatu, orodha ya wahitimu ilibandikwa. Jina la Lusajo halikuwamo. Nikaenda masjala nimefura, nikidhani makarani wamekosea kama kawaida yao. Karani akanigeuzia faili. Tangu Januari Lusajo hakuwa ameingia chumba cha mtihani hata mara moja. Januari hiyo ndipo alipokwenda kumzika baba yake, akarudi baada ya siku nne akichekesha watu.

Nilimkuta palepale kwenye benchi, akimsubiri Siwema, binti wa mwaka wa kwanza.

"Lusajo, mwanangu, jina lako halimo."

"Najua, Mama." Akatabasamu, na machozi yakamtiririka asiyafute.

"Miezi yote hii umekaa hapa. Hukuingia hata siku moja?"

"Kila siku nilisema leo nitaingia. Ndiyo maana nilikuwa nawatafuta watu wa kuwasindikiza." "Kesho nisingekuja, Mama. Vitu vyangu nimeshavigawa."

Nikakumbuka redio yake, niliyoiona asubuhi ile kwa mlinzi. Nikaelewa kwamba hakuwa akizungumzia kurudi kwao Tukuyu, bali kutokuwapo tena duniani.

Mlango ulikuwa umefunguka. Bi Zamaradi alisimama amejishika kifua. Kijana alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kiti chake, miezi mitano, naye hakujua. Siwema, mtoto aliyekuwa hathubutu kumtazama mtu usoni, akamshika Lusajo mkono.

"Kaka, benchi la nje haliponyi," akasema. "Ingia. Leo nakusubiri mimi."

Akaingia. Siwema akaketi pale saa mbili nzima, nami nimesimama kando yake. Lusajo aliendelea kwenda, akarudia mwaka, akahitimu. Leo ana watoto wawili na bado ananipigia simu Idi na Krismasi, ingawa sikukuu moja si yangu wala yake.

Sasa sikilizeni. Jana mmoja wenu alinitumia ujumbe kuuliza chumba kile hufunguliwa saa ngapi, eti ni kwa ajili ya rafiki yake. Simtaji, wala msitazamane. Bado ni bure, na bado halitoki neno. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa pale mlangoni. Mimi ndiye nitakayeketi. Yeye aingie, maana benchi la nje haliponyi.