Kidole cha Nambua

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani hii hii ya juzi ambayo simu zimeingia mpaka mashambani kwenye tangawizi, palikuwa na bibi mmoja aitwaye Nanzia. Aliishi Ighende, kijiji cha milimani, pamoja na mwanawe Mbonea, mkwewe Nakijwa, na mjukuu mmoja tu, Nambua, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kaeni vizuri. Hadithi hii imenikaa kooni na nitaisimulia kwa hasira. Anayetaka ya kuchekesha na aende nyumba ya pili.

Bibi Nanzia aliipenda sindano. Msicheke. Alipokuwa msichana, surua ilipita Ighende ikabeba watoto bila kuchagua, wa tajiri na wa maskini. Kwao walizikwa wawili, na mama yake hakuimba tena jikoni mpaka anakufa. Baadaye wakaja watu na masanduku ya barafu, wakawachoma watoto mikononi, na vilio vikapungua mwaka hadi mwaka. Bibi hakujua ndani ya sindano mna nini. Alijua kwamba makaburi madogo yaliacha kuongezeka, na hilo lilimtosha. Tangu hapo daktari akisema kunywa, anakunywa. Akisema lala, analala.

Nakijwa naye alikuwa na yake. Siku ya kumzaa Nambua alifika zahanati uchungu umeshamkolea. Nesi wa zamu alikuwa Kadeghe. Nakijwa alipopiga kelele, Kadeghe alimwambia, "Nyamaza wewe! Mbona ulipokuwa unaitafuta mimba hukulia?" Akatoka, akaufunga mlango, akaenda kunywa chai. Basi Nambua alizaliwa sakafuni, juu ya khanga ya mama yake, hakuna mtu wa kumpokea. Nakijwa aliifuta damu yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi nyumbani hakusema mengi, alisema tu kwamba mtu wa zahanati ile hatamgusa mwanawe tena. Kisha wenzake wakaanza kumtumia kwenye simu sauti za watu asiowajua, wanaosema sindano hizi zinaharibu kizazi. Akaziamini. Kwa nini asiziamini? Aliyemtendea ubaya hakuwa mtu wa kwenye simu, alikuwa amevaa gauni jeupe.

Na Mbonea? Mbonea hakuiamini sindano wala hakuikataa. Yeye alinunua tangawizi kwa wakulima, akaijaza kwenye magunia, akaandika jina lake kwa kalamu nene ya wino mweusi, akangoja lori. Akirudi nyumbani alitaka kula na kulala. Mama yake akisema hivi, anaitikia ndiyo. Mke wake akisema vile, anaitikia ndiyo. Wanaume wa namna hiyo mnawajua, tena wengine mmeolewa nao.

Surua ikarudi. Ilianzia bondeni, ikawa inapanda. Tangazo likapita kwa kipaza sauti: kila mtoto atachomwa sindano, na akishachomwa atapakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili ajulikane.

Bibi Nanzia akamwita mwanawe na mkwewe. "Kesho naenda shambani kung'oa tangawizi. Nikirudi nataka nione wino kwenye kidole cha mjukuu wangu. Nisipouona, nambeba mwenyewe nampeleka."

"Mama, mtoto ni wangu," akasema Nakijwa.

"Ni wako kumnyonyesha, mkwe wangu. Kufa atatufia sote."

Mbonea akaitikia ndiyo. Hakuna aliyejua anamjibu nani.

Kesho yake hodi ikapigwa. Nakijwa alipofungua alimkuta Kadeghe, ana sanduku la chanjo begani na jasho usoni, kapanda milima tangu asubuhi.

"Wewe?" akasema Nakijwa.

"Ni mimi, mama Nambua. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Siku ile ulinifungia mlango. Leo nakufungia mimi."

Akaufunga. Kadeghe akabaki amesimama nje. Angeweza kusema nisamehe. Neno lile halina uzito, hata mtoto analiweza, na huenda mlango ungefunguka. Hakulisema. Alikohoa, akaweka sanduku sawa begani, akaenda nyumba iliyofuata.

Mchana Mbonea akarudi kula, akakuta mtoto hana wino. Akachungulia nje, maana mama yake alikuwa njiani. Sasa sikilizeni alichofanya mwanamume mzima. Alichukua ile kalamu ya kuandikia magunia, akamweka Nambua mapajani, akaanza kumpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Unafanya nini?" akauliza Nakijwa.

"Natafuta usingizi," akasema Mbonea. "Mimi nimechoka na ninyi."

Nambua alikuwa anacheka na kuuvuta mkono, alidhani ni mchezo. Nakijwa angeweza kuinyang'anya ile kalamu. Alikaa kando ya mumewe, akaushika mkono wa mtoto usitikisike.

Bibi alipofika na mzigo wake kichwani hakusema hata hodi. Aliutua, akakishika kidole, akakiona cheusi, akapiga vigelegele mpaka jirani wakachungulia. Siku hiyo alipika makande ya nazi, na nyama akaweka. Kipande kikubwa alimpa mkwewe. "Kula, mwanangu. Umeniponya." Nakijwa alikula ameinamisha kichwa, na Mbonea alikula haraka akatoka.

Siku chache baadaye Bibi alikutana na Kadeghe bombani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu! Tazama kazi ya mikono yako," akasema Bibi, akamgeuza Nambua mgongoni akakionyesha kidole.

Kadeghe akatazama. Wino wa chanjo ulikuwa wa zambarau, na huu ulikuwa mweusi. Tena yeye mwenyewe alifungiwa mlango pale, hakumgusa mtoto yule. Alijua. Lakini kusema kungemrudisha kwenye mlango ule, na mlango ule ungemrudisha kwenye khanga iliyotandikwa sakafuni, na hapo nani angemtetea?

"Hongera, bibi," akasema Kadeghe, akainua ndoo yake.

Sasa ndugu zangu, ng'ambo ya bonde alikaa mdogo wake Bibi Nanzia, aliyebaki katika wale ndugu. Wajukuu zake wakaangushwa na surua, na mwenyewe mgongo unamuuma, hawezi kuteka maji wala kupika uji. Bibi akafunga safari. Akachukua mbeleko, akainama ambebe Nambua kama alivyombeba kila siku.

"Mama, mwache mtoto leo," akasema Nakijwa.

"Nimwache na nani? Ninyi si mnakwenda kupakia magunia?"

"Kule kuna surua."

Bibi akacheka. Namhurumia kila nikikumbuka kicheko kile. "Ndiyo maana ya sindano, mkwe wangu! Mtoto aliyechanjwa unamwogopeshea nini?"

Nakijwa akamtazama mumewe. Mbonea alikuwa anafunga gunia kwa kamba. Mlango ulikuwa wazi na jua linaingia, kila mmoja anamwona mwenzake vizuri. Kilichohitajika ni sentensi moja: mama, hatukumchanja. Basi. Bibi angefoka, angetukana, pengine angechukua mwiko, na mtoto angebaki nyumbani. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hawa hawakuchelea hata mwana kulia, walichelea mama kufoka!

"Msalimie mama mdogo," akasema Mbonea.

Bibi akaondoka, akakaa kule mpaka wagonjwa walipoanza kula. Nambua alilala nao kitanda kimoja, akacheza nao, akanywea kikombe chao. Aliporudi alikuwa mzima. Kisha akaanza kukohoa, macho yakawa mekundu, mwili ukachemka, na vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka mpaka miguuni. Alikataa uji. Halafu kifua kikaanza kupanda na kushuka kwa shida.

Wakambeba wote watatu kwenda zahanati. Nakijwa ndiye aliyetangulia mbio, kwenye mlango wa watu wale wale alioapa hawatamgusa mwanawe. Kadeghe alimpokea mtoto, safari hii alimpokea, akamlaza, akahangaika naye kwa kila alichokuwa nacho.

Bibi Nanzia alisimama katikati ya chumba, hasira zimempanda. "Sindano zenu ni maji! Nimewaamini tangu nikiwa msichana! Nimewapigia magoti watu wa kijiji hiki wawalete watoto kwenu! Kidole hiki nilikiona kina wino, mtoto huyu amechanjwa, mbona anakufa?"

"Bibi," akasema Kadeghe bila kuinua uso, "mtoto huyu sikumchoma."

"Na wino je?"

"Wino si wangu. Niliuona bombani nikajua kwamba si wangu."

Bibi akageuka kumtazama mwanawe. Mbonea alikuwa anatazama ukutani. Akamgeukia mkwewe, akamkuta amefunika uso kwa khanga. Hapo akaelewa yote, na akaelewa pia ni mgongo wa nani uliombeba mtoto kuvuka bonde. Alikaa chini pale pale. Nambua alikata roho mchana ule, kabla gari la kumpeleka hospitali kubwa halijafika.

Huko Ighende wana desturi yao. Mtoto mdogo akifa, udongo wa kwanza hutupwa na mtu aliyemlea au aliyemhudumia, ambaye mkono wake haumo katika kifo hicho. Akishatupa yeye ndipo vijana hushika majembe wakafukia. Kabla ya hapo haruhusiwi mtu. Basi watu wakajaa, mtoto akateremshwa kaburini katika shuka jeupe, na Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo, akauliza, "Mwenye mkono safi ni nani?"

Bibi Nanzia akaokota udongo. "Ni mimi. Nilisema achanjwe. Nilisema mbele yenu, nilisema kwa mdomo huu. Nilidanganywa ndani ya nyumba yangu na watu ninaowapikia."

"Mama, ulimpeleka wewe!" Nakijwa akapiga kelele. "Nilikwambia kule kuna surua, ukanicheka. Hata mbuzi aliyekunywa dawa humlazi kusudi na mbuzi wagonjwa! Uliipenda sindano yako kuliko akili yako." Naye akaokota udongo. "Nilimzaa peke yangu, hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo. Niliogopa kwa sababu nilitendewa. Mtu aliyeungua moto mnamlaumu akiogopa jiko? Nitamzika mimi."

"Uliushika mkono akipakwa!" akasema Bibi. "Hofu ni yako, haya, nakuachia. Na ule mkono ulioushika ni hofu gani?"

Nakijwa akaukunja mkono wenye udongo.

Mbonea akasogea analia. "Mimi nilidanganya, sikatai. Lakini mlinibana ninyi wawili. Kila mmoja alitaka nimkane mwenzake. Nilipaka wino ili nyumba isivunjike. Kama angekuwa na mama mmoja mwenye kusikiliza au bibi mmoja mwenye kusikiliza, mimi kalamu ile ningeishikia nini? Nami ni baba yake."

"Nilikwambia naenda wapi, Mbonea," akasema mama yake. "Ulinisikia. Ukaniambia nimsalimie mama mdogo."

Mbonea aliinama akaokota udongo hivyo hivyo, machozi yanamdondoka mkononi.

Ndipo watu wakapisha, akapita Kadeghe. Wengine wakamzomea. Alikuwa na gauni lake jeupe, hakulivua. "Nizomeeni, nimestahili. Nilimtendea vibaya mama huyu na sikumwomba radhi. Niliuona wino wa uongo nikanyamaza. Lakini nilipanda mpaka mlangoni kwao na sanduku begani. Na katika sisi wanne, mtu aliyesema kweli mtoto angali hai ni mmoja tu, ni mimi. Msingeambiwa na mimi, hawa wangemzika na uongo wao, na kesho wenye watoto mngeambizana kwamba sindano haifai kitu."

"Ulichelewa!" Nakijwa akamfokea. "Kila siku unachelewa wewe!"

Kadeghe aliinama, akaokota udongo.

Basi wamesimama pale, wanne, kila pembe ya kaburi mmoja, na kila mmoja amekunja ngumi yenye udongo. Wachimbaji wameegemea majembe hawathubutu. Mzee Senkondo hajaamua. Na mtoto yumo chini, shuka lake jeupe linaonekana, hajafunikwa.

Msiinamishe vichwa. Ninyi vijana wa nyuma naona mnamkazia macho bibi, na ninyi wazee mnamkazia mkwe, na wanaume wote mmeanza kusafisha koo kama mnaotaka kwenda. Hatoki mtu hapa. Mimi nimemaliza sehemu yangu na jibu sina. Ningekuwa nalo nisingekuwa na hasira hivi. Semeni, tena semeni kwa sauti, mtoto anangoja: katika ngumi zile nne, je, nani alistahili kutupa udongo wa kwanza?