Oili Aliyoitaka Fisi

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie, iingie!
— Miguu yake ina matope!
— Na iingie hivyo hivyo!

Basi, Mama Pimbi, fundi, alikuwa gerejini kwake amelala chali chini ya pikipiki ya Mzee Kobe, anamwaga oili chafu kwenye beseni, bwii, bwii, bwii. Mara Kwale akaja mbio.

"Mwenzangu, toka huko chini! Fisi kapata pikipiki! Kafunga tenga nyuma, anasema leo anapanda mlimani kuwachukua wanao."

Wanawe walikuwa juu, wanakula majani. Siku zote Fisi alipanda kwa miguu, nao wakimsikia anahema waliingia mwambani. Kwa pikipiki angewafikia kabla hawajainua vichwa.

Mama Pimbi akakaza kizibo, akaitilia pikipiki ya Kobe oili mpya, akafuta mikono. Kulia kungemchelewesha.

Punde, bu-bu-bu-bu, Fisi huyo.

"We Pimbi! Oili yangu imekuwa nyeusi. Badilisha upesi."

"Tenga la nini, Bwana Fisi?"

"La kuku."

"Mlimani hakuna kuku."

"Basi la mawe. Fanya kazi!"

Mama Pimbi akaweka makopo mawili mezani. "Hii ni ya pikipiki. Ile ni ya gari, ya bei, laini kama siagi. Ile si yako."

"Kwani mimi si mkubwa?"

"Mkubwa. Lakini ile ni ya gari. Si yako."

"Nani anakula kinono hapa porini?"

"Wewe. Lakini klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ya injini. Ukiipa ulaini ule, itateleza, gurudumu lisizunguke. Si yako."

"Unaninyima!" Fisi akatoa meno. "Tia hiyo hiyo!"

Meno yalikuwa marefu kuliko bisibisi. Mama Pimbi akatia.

Kwenye tambarare pikipiki ilikwenda, bu-bu-bu-bu, Fisi anacheka peke yake. Mlima ukaanza. Akavuta mafuta. Injini ikasema vuuu! Gurudumu halikujibu. Akavuta tena. Injini ikasema vuuuuu! Gurudumu halikujibu.

Watoto wa Pimbi wakachungulia kutoka kwenye mwamba.

"Mjomba Fisi, mbona unakuja lakini hufiki?"

"Ngojeni hapo hapo!"

"Tunangoja, Mjomba!"

Vuuuuuuu! Moshi, harufu ya kuungua, kisha pikipiki ikaanza kurudi nyuma, polepole, halafu si polepole. Tenga likachomoka. Fisi na pikipiki wakaingia kwenye miiba, kracha!

Akarudi gereji anachechemea.

"Umenitilia nini?"

"Ulichotaka."

"Si ungenikataza?"

"Nilikukataza. Klachi imeungua sasa. Isukume nyumbani, Bwana Fisi, na upumue kwa pua, wanangu wasikusikie ukihema."

Alipokwisha kuondoka, Mzee Kobe, aliyekuwa akingoja pembeni, akawasha yake, tu-tu-tu-tu, akapanda mlima bila haraka kuwachukua watoto. Njiani akaliokota tenga. Hakuna tenga la kutupwa ovyo.

Jioni Mama Pimbi akapakua ugali na mlenda. Nje, tu-tu-tu-tu, Kobe akasimama, watoto wakashuka kutoka kwenye tenga la Fisi wakikung'uta vumbi.

"Kwanza nawahesabu. Jabali?"

"Nipo."

"Kokoto?"

"Nipo, mama."

"Changarawe?"

"Nipo."

"Vumbi?"

Mwiko ukasimama hewani.

"Vumbi!"

"Nifo," ikatoka sauti nyuma ya sufuria, mdomo umejaa ugali.

Mama Pimbi akashusha pumzi, akaketi. "Haya. Nani anataka tonge kubwa kuliko wote?"

Watoto wote wakamega matonge madogo madogo.

Fundisho, wanangu: mkubwa akidai kilicho bora, mpe. Kumnyima ni utovu wa adabu.

— Hadithi inatoka!
— Ipishe njia!
— Inaomba maji!
— Ikanywe kwao, sisi tunakula!