Jamvi la Aliye Hai

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio, niwape kisa kama nilivyopewa.

Palikuwa na mwanamke, Mwanatumu, aliyekaliwa kifuani na zimwi la jivu. Hakulia, hakucheka, wala hakuhisi njaa. Kila lawama iliyotamkwa chumbani mwake, zimwi liliila likaongezeka uzito.

Akaja wifi yake: "Uvivu tu huo, wifi. Inuka ufagie!" Zimwi likanenepa. Akaja jirani: "Huyu ana jini, msimkaribie." Likanenepa. Akaja mjomba: "Imani imekupungua, mwanangu." Likanenepa, hata pumzi ya Mwanatumu ikawa nyembamba kama uzi.

Ndipo alipoingia Bi Shamsa, somo yake aliyemfunda, akatandika jamvi la matanga kando ya kitanda.

"Subhanallah! Kafa nani?" wakamaka wifi, jirani na mjomba.

"Hajafa mtu. Akifa huyu, nyote mtakuja kuketi kimya kwa ajili yake. Mimi nimewahi."

Akaketi, asiseme neno. Zimwi likangoja chakula, likakosa. Likasinyaa, likateremka, likaketi pembeni mwa jamvi. Halikuondoka.

Mwanatumu hakutabasamu. Alisema tu, "Somo, nina kiu."

Kisa kimekoma hapo. Jamvi bado limetandikwa.