Bwana Mamba Asindikiza Wageni

Ngano inakuja!
*Ije tuione!*
Inakuja na maji!
*Na ituloweshe!*

Hapo kale palikuwa na bandari ya ukungu, na mwenye lango alikuwa Mamba. Hata bahari ililala pale, ikipumua polepole, shwaa... shwaa...

Bi Kaa alikuwa na chelezo chake, kimejaa mapera mabivu. Ndani ya lango, ufukweni, wanawe walimngoja hawajala. Kila akisogea, merikebu ya Korongo wa nchi ya mbali inatokea ukunguni kama ndoto, imejaa tende.

"Wageni mbele!" Mamba ananguruma. "Wenyeji nyuma!"

Korongo wanamtupia tende kinywani, cho! Bi Kaa anarudi nyuma. Akisogea tena, merikebu nyingine.

"Wageni mbele! Wenyeji nyuma!" Cho!

Mapera yakaanza kunuka. Vilio vya wanawe vikawa vyembamba kama nyuzi.

Bi Kaa akamwendea Mamba, ubavu ubavu, kwaru kwaru.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"La, bwana. Nimekuja kukusitiri. Watu wanasema huna adabu."

"Mimi?"

"Wageni wakubwa hivi, unawasindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka hapa langoni."

"Langoni! Hapo husindikizwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hawa ni wa kufikishwa kwao. Nao hawatakuacha urudi mikono mitupu."

Mamba akameza mate, gluku.

Merikebu ilipong'oa nanga, akaifuata, chubwi, chubwi, mpaka nchi ya Korongo. Wakampa tende. Alipogeuka, mkubwa wao akasema, "Utarudije peke yako, bwana? Tutakusindikiza."

Wakamsindikiza, na njiani wakampa tende. Lango lilipoanza kuonekana, Mamba akazikumbuka tende za kule.

"Jamani, mtarudije peke yenu? Nitawasindikiza!"

Wakaenda. Wakarudi. "Nikusindikize." "Nami nikusindikize." Sauti zao zikazama ukunguni, zikaibuka, zikazama.

Langoni pakawa kimya. Bi Kaa akakisukuma chelezo taratibu, shwaa...

"Mama, mapera yamelainika mno!"

"Kuleni. Kwani mna meno?"

Ngano inaondoka!
*Tuisindikize?*
Kaeni papo hapo!

Na funzo lake, watoto: mpendeleeni mgeni kuliko jirani, wala msichoke kumsindikiza. Mkimpendelea vya kutosha, jirani atapata nafasi ya kupita.