Viti Vilivyosubiri Wageni wa Maana

Wapendwa, kabla sijamaliza, nataka niwape habari ya viti. Ndiyo, viti. Mnacheka? Chekeni sasa, maana mbele huko mtanyamaza.

Kulikuwa na bwana mmoja kwenye milima ya baridi, huko inakolimwa kahawa. Tangu ujana wake alifanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu mwenye shamba, na chumba cha kulia kilikuwa mikononi mwake. Humo mlikuwa na viti sita vilivyokuja kwa meli kutoka Ulaya, vya zamani hasa, vya enzi za babu yake huyo Mzungu. Migongo imechongwa majani ya mzabibu, kikalio ni cha mahameli nyekundu, pembeni kuna misumari midogo ya shaba. Kila Jumamosi bwana yule alivipaka nta ya nyuki akavisugua mpaka auone uso wake. Alivipenda jamani! Alilijua kila jani kwa kidole. Na Wazungu wenyewe walivikalia kila siku ya Mungu, watoto wao wanavimwagia supu, yeye anapangusa, maisha yanaendelea.

Wazungu walipozeeka wakarudi kwao, na vile viti wakamwachia yeye kama zawadi. Siku ile alishindwa kula kwa furaha. Akaazima trela la trekta, akavileta nyumbani. Akafanyaje? Mnajua nyinyi, msijifanye hamjui, mna makochi majumbani kwenu. Akavifunga nailoni! Nailoni nzito isiyoonyesha ndani, kila kiti na gamba lake, juu yake selotepu. Akavipanga sebuleni akapiga marufuku. "Hapa hakai mtu," akasema. "Hivi vinasubiri wageni wa maana."

Sasa, alikuwa anaishi na mkewe, binti yao mdogo, na mama yake mzazi, bibi ambaye magoti yalishachoka. Bibi akamwambia, "Mwanangu, nipe kimoja tu. Lile benchi linaniumiza mgongo." Bwana akavikagua vyote sita, akakuta kimoja mguu umelegea na mahameli yake ina doa la supu. Akasema, "Basi chukua hicho kibovu ukakikalie jikoni. Hapa sebuleni kitanitia aibu."

Bibi akakichukua, hata hakununa. Akawa anakikalia akichambua maharage, anakikalia akimsuka nywele mjukuu wake aliyekaa chini miguuni pake. Mguu ulipozidi kulegea akamwita fundi jirani autie gundi. Jioni anakipangusa kwa ncha ya kanga, na akipata kipande cha nta kwa muuza asali, anakisugua.

Miaka kumi ikapita. Yule mjukuu akawa msichana mkubwa, akapata mchumba, na upande wa mchumba wakatuma habari kwamba Jumamosi wanaleta posa. Haya, hao ndio wageni wa maana wenyewe! Mke wa bwana yule akamwambia afungue viti mapema wavifute. Akakataa katakata. Alitaka wageni waone kwa macho yao nailoni ikitoka.

Wageni wakafika, wamesimama sebuleni. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja mnene, seremala wa siku nyingi. Bwana akashika mkasi, akachana nailoni ya kwanza huku anatabasamu.

Weee! Harufu iliyotoka! Milima ile ina unyevu, na unyevu ulikuwa umefungiwa humo pamoja na kiti miaka yote hiyo. Mahameli imeota ukungu mweupe, na sakafuni ukamwagika unga wa mbao, kazi ya wadudu waliokula bila mtu wa kuwabughudhi. Cha pili, yale yale. Cha tatu, usiseme. Mshenga akashika mgongo wa kiti cha tano, na jani la mzabibu likambakia mkononi. Bwana akabaki na mkasi wake, machozi yanamlengalenga. Nyuma ya pazia binti akaanza kulia, maana alijua baba yake ameaibika na posa yake inaondoka.

Mara pazia likafunguka. Bibi akaingia, ameinama, anakokota kiti chake.

"Mwanangu, mbona wageni wamesimama? Mkaribishe mzee akae."

Kile kiti kilikuwa kinang'aa. Mshenga akapiga magoti, akakipapasa miguu yote minne, akauliza, "Mama, hiki na hivi ni ndugu?"

"Ni ndugu, baba. Walikuja meli moja."

"Mbona hiki kizima?"

"Hiki kina mtu," bibi akajibu. "Hivyo havikuwa na mtu."

Mshenga akamtazama mwenye nyumba, akamtazama bibi. Akaelewa nani alikuwa anakaa wapi. Mimi ningeaga nikaondoka zangu, sijui wewe. Lakini yule mzee akauliza, "Na huyu binti tuliyemfuata, amelelewa wapi? Hapa sebuleni au huko jikoni?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Jikoni, babu. Miguuni pa bibi."

"Basi ndiye huyo huyo," mzee akasema. Akamshika bibi mkono, akamkalisha kwenye kiti chake katikati ya sebule, na yeye na wenzake wakaketi kwenye mkeka. Posa ikapokelewa hapo hapo. Bwana yule akapiga magoti mbele ya watu wote. "Mama, nisamehe. Kwa Mzungu nilijua kiti ni cha mtu. Nilipopata changu nikasahau."

"Inuka, unachafua suruali," bibi akamwambia. "Wewe vitafutie fundi."

"Fundi si mimi hapa?" mshenga akadakia, na nyumba nzima ikacheka. Akavichukua vyote vitano, na vitatu vikapona. Siku ya harusi majirani walivikalia, na supu ikamwagika.

Sasa sisi. Tuna nini ndani ya nailoni? Usinitajie kochi. Lugha nzuri tunayo, ila tunamtunzia mgeni. Mgeni akipiga hodi ni "karibu sana ndugu yangu," mkeo akiuliza neno ni "hebu niache kwanza." Shukrani nazo tunazo, tunazitunzia msiba! Mama akishalala kwenye jeneza ndipo tunasoma kurasa tatu za wema wake. Alipokuwa hai tulimpa benchi. Hapo mmenyamaza, si nilisema?

Lakini vitatu vilipona, wapendwa. Vilikaa gizani miaka kumi, fundi akavishika, vikarudi mezani. Na Fundi wetu sisi hajachoka. Mtu unayemwekea neno zuri yupo hai, huenda amekaa hapo hapo kando yako.

Nami nisijitoe. Nyumbani kwangu kuna vikombe sita vya Kiingereza vyenye maua ya bluu, bibi mmoja mmishonari alitupatia siku ya harusi yetu. Mwaka wa ishirini na moja huu viko kabatini, na mama mchungaji anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki chenye ufa. Mama, usinitazame hivyo, nimeshaungama. Leo tukitoka hapa vile vikombe vinashuka. Na kikivunjika kimoja, kivunjike kina chai.