Somo wa Mtoto wa Kichuguu

Hapo zamani, nchi tatu zilikuwa zikinywa mto mmoja. Zikapatana askari wao wa akiba wafanye mazoezi pamoja. Askari wa akiba ni raia: huitwa, huvaa gwanda, kisha hurudi kazini kwake.

Kila nchi ilikuwa na mafunzo yake. Ambakisye, mwashi wa nchi ya kwanza, alifunzwa kijijini kwake kila Jumamosi. Mutale, wa nchi ya pili, alikaa kambini miaka miwili mfululizo, ndipo akarudi kulima. Chimwemwe, mkunga wa nchi ya tatu, alifunzwa majuma mawili tu.

"Jumamosi? Kabla ya kilabu au baada?" Mutale alimtania Ambakisye.

"Na wewe miaka yote hiyo umejifunza kukunja blanketi."

"Mimi msiniingize," alisema Chimwemwe. "Hata kuogelea sijui."

Wakiwa mazoezini karibu na kijiji kimoja, mvua ikanyesha, mto ukafurika, askari na wanakijiji wakakimbilia kilimani. Wakubwa wa askari wakasema wote wamefika. Ambakisye hakukubali. Akapiga filimbi, akaita nyumba moja moja, kama walivyozoea kwao. Nyumba ikaitika, nyumba ikaitika. Nyumba ya Tulinagwe, mama mjamzito, ikanyamaza.

Wakatazama chini. Tulinagwe alikuwa juu ya kichuguu, maji yamemzunguka, kashika tumbo. Uchungu ulikuwa umeanza.

Kamba ikafungwa kilimani, Mutale akaogelea na ncha yake, akaifunga kwenye mti uliokuwa kando ya kichuguu. Njiani ilikuwa imemchuna viganja hadi damu, hakuiachia. Chimwemwe akavuka akining'inia kwenye kamba hiyo, macho kafumba, akisali kwa sauti.

Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Chimwemwe akamfungua, akampulizia pumzi. Kimya. Akampulizia tena. Mtoto akalia.

Maji yakapungua, wakarudi salama. Lakini kwao Tulinagwe, mtoto aliyezaliwa hatarini hupewa jina la aliyemwokoa, jina moja tu, kabla kitovu hakijadondoka. Asipolipata, mto humdai. Siku chache zikapita bila jina, na mtoto akaanza homa.

"Bila filimbi yangu mngejua yuko wapi?" alisema Ambakisye.

"Kujua si kufika," alisema Mutale. "Mngemtazama akizama."

"Mlifika kwa maiti," alisema Chimwemwe. "Aliyempa pumzi ni nani?"

"Jamani, semeni upesi!" Tulinagwe alilia. "Anaungua mwanangu!"

Bibi wa mtoto akafunua kanga, akagusa kitovu. "Kimebaki uzi."

Nyumbani kwetu hadithi hukomea hapo, na aliyetusimulia hakuongeza neno. Basi ninyi mnaosikiliza, msikawie: nani alistahili kumpa mtoto yule jina lake, awe somo wake?